Kabla Hujatoa Hela ya Ng'ombe, Tazama Miguu Kwanza



Wiki hizi mbili nimeulizwa swali moja na vijana kama watano tofauti. "Kaka, tumekusanya vihela na washikaji, tunataka kununua ng'ombe wa nyama, tunenepeshe miezi mitatu halafu tushushe Pugu. Inalipa?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, leo naweka hapa hapa kila mtu asome. Na naomba msinitukane kabla hamjafika mwisho, maana kuna kitu nilifanya ambacho sijawahi kukiandika.

Jibu fupi: inalipa kwenye karatasi. Unanunua dume la kilo 200, unalilisha siku 90, likiongezeka nusu kilo mpaka kilo moja kwa siku unapata kilo 45 mpaka 90 za juu. Hapo ndipo watu hukata tiketi ya Mwanza au Shinyanga kufuata mashudu ya pamba. Hata serikali iliingia humo na mpango wake wa BBT upande wa mifugo, vijana wakawekwa kwenye vituo atamizi wajifunze kunenepesha. Jambo zuri, silipingi. Lakini ile hesabu ya karatasi ina sharti moja ambalo halionekani: ng'ombe lazima atembee. Ng'ombe ambaye mguu unamuuma haendi kwenye kihori, haendi kwenye maji, analala. Siku kumi za kulala hazipunguzi tu zile kilo za kuongeza, zinakula na zile ulizonunua nazo.

Sasa kisa changu. Mwaka 2019, mimi na washikaji wawili tulinunua madume 11 kwenye mnada mmoja wa Kanda ya Ziwa, jina la mnada nalihifadhi. Tulijiona wajanja kweli. Tuliangalia nundu, tukaangalia meno, tukashika mbavu, tukabishana bei kama watu wazima. Kulikuwa na dume moja jekundu, pana, limesimama kwenye nyasi ndefu pembeni, mwenyewe kalishikilia kamba hataki lisogee. Tukalipenda. Tukalipa. Tulipokuja kulishusha kwenye gari ndiyo tunaona mguu wa nyuma wa kulia unagusa chini kwa ncha tu, kama mtu aliyekanyaga moto.

Jirani wa zizi letu alikuwa mzee mmoja wa Kisukuma, amefuga tangu hatujazaliwa. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika, akamtazama yule dume kwa muda mrefu, halafu akaniuliza, "Ng'wanawane, mlimwona akitembea?" Nikasema hapana, alikuwa amesimama. Mzee akacheka. Akasema, "Basi mmenunua picha."

Kuanzia siku ile alitufundisha kuangalia. Unataka mnyama atembee mbele yako kwenye ardhi ngumu na tambarare, siyo kwenye majani wala tope. Mwache aende, mwache arudi. Mguu wa mbele ukiuma, kichwa kinapanda pale mguu mbovu unapogusa chini na kinashuka ule mzima unapokanyaga. Wa nyuma ukiuma, tazama nyonga: moja inaruka juu kuliko mwenzake, hatua inakuwa fupi. Tazama na mgongo. Ng'ombe mzima hutembea mgongo umenyooka, mwenye maumivu ya kwato huupinda kama upinde. Na asubuhi, ukiingia zizini wote wakainuka akabaki mmoja anajishauri, huyo ndiye wako wa siku hiyo.

Halafu unaanzia chini. Watu wengi wakiona ng'ombe anachechemea wanakimbilia bega au nyonga, wakati sehemu kubwa ya matatizo iko kwenye kwato. Mfunge kwenye kibanio, nyanyua mguu, osha, tazama katikati ya zile kucha mbili. Bila kuosha huoni kitu, utaona mavi tu.

Dume letu jekundu lilikuwa na mwiba. Mwiba wenyewe ulishatoka zamani, kilichobaki ni kuoza kwato. Dalili zake si ngumu: mguu mmoja, inaanza ghafla, uvimbe juu ya kwato unaolingana pande zote mbili mpaka kucha zinaachana, ngozi ya katikati imepasuka, na harufu. Harufu ile ukiinusa mara moja huisahau. Ni bakteria wanaokaa kwenye mavi na tope, wanangoja tu ngozi ichubuke na jiwe au mwiba. Ndiyo maana inapendeza sana mahali ambapo maji ya kihori yanamwagika na ng'ombe wote wanasimama kwenye uji mmoja. Ukiwahi, antibayotiki inamaliza na mnyama anatembea vizuri ndani ya siku chache. Ukichelewa inaingia kwenye kiungo, na hapo uvimbe unakuwa upande mmoja, dawa hazisaidii tena.

Sisi tulienda duka la dawa za mifugo, tukaelezea, tukapewa chupa ya OTC ya asilimia 20, tukachoma wenyewe. Kipimo tulikadiria kwa macho. Kwenye chupa kuliandikwa kwa maandishi madogo kwamba nyama isiliwe mpaka zipite siku 28. Tulisoma. Nasisitiza kwamba tulisoma.

Nikiwa bado kwenye huo mguu, tukaharibu mingine minne kwa mikono yetu. Tulikuwa na haraka ya kilo. Ng'ombe waliotoka kula majani makavu ya porini tukawapa siku ya pili tu mashudu, pumba za mahindi na molasi kwa ndoo, nyasi kidogo kwa sababu nyasi tuliona zinajaza tumbo bure. Wiki mbili hazijaisha, wanne wanatembea kama wanakanyaga makaa. Hakuna kidonda, hakuna harufu, hakuna mwiba. Wanasimama miguu wameisogeza mbele, mmoja alikuwa anakunja magoti ya mbele anakula akiwa amepiga magoti kama anasali. Ukishika kwato ina joto.

Hiyo tuliifahamu baadaye sana. Chakula chenye wanga na sukari nyingi kikiingia ghafla, tumbo kubwa linakuwa na asidi, na asidi ile inavuruga mzunguko wa damu ndani ya kwato, ile nyama laini inayoshikilia kucha inavimba wakati kucha haitanuki. Jaribu kufikiria kidole chako kimevimba ndani ya kiatu cha chuma. Hakuna sindano ya maana ya kurudisha hapo, dawa yake ni kutofanya ujinga tuliofanya: unabadilisha chakula polepole kwa wiki mbili mpaka tatu, na nyasi au mabua hayatoki kihorini hata siku moja. Kwa hiyo ndugu yangu unayetaka "fomula ya kunenepesha kwa siku 60" uliyoiona kwenye grupu la WhatsApp, uliza kwanza wiki mbili za mwanzo zinasemaje. Kama hazisemi kitu, iache.

Sasa tuje kwenye habari kubwa, kwa nini nimeamua kuandika.

Mnakumbuka Juni 2025 Rais Samia alizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo kule Bariadi, Simiyu. Ng'ombe wanachanjwa homa ya mapafu, mbuzi na kondoo sotoka, kuku nao mdondo, serikali inabeba nusu ya gharama kwa ng'ombe na mbuzi, halafu mifugo inavishwa hereni za utambuzi. Mie ni mmoja wa waliofurahi. Nchi ina ng'ombe zaidi ya milioni 36 na kwa miaka mingi chanjo ilikuwa ni hiari ya mwenye hela.

Lakini soma tena orodha hiyo. Ugonjwa wa miguu na midomo haumo.

Huo ndio ugonjwa ambao ukiingia zizini haukupi mgonjwa mmoja wa kuchechemea, unakupa zizi zima ndani ya siku chache. Homa, mate yanatiririka kama uzi, wanalambalamba midomo, malengelenge kwenye ulimi, fizi, chuchu, na pale ngozi inapokutana na kwato. Ng'ombe mkubwa mara nyingi hafi. Ndama ndio wanakufa, tena ghafla, moyo unashambuliwa. Kwa sababu mkubwa hafi, wafugaji wengi wanauchukulia kama mafua, "utapita tu". Unapita kweli, lakini muda huo wote hali chakula, wengine kwato zinabanduka, na wewe mwenye hesabu ya siku 90 umekwisha. Na ukiuona tu, kisheria unatakiwa umwambie afisa mifugo, na eneo linawekwa karantini. Mnada unafungwa. Ndiyo maana watu wanaficha, tuwe wakweli. Mtu anayedaiwa ada ya shule na ng'ombe wake wanaanza kutoa mate, anawahi mnadani kabla habari hazijafika, na huko anawaambukiza wa wilaya tatu.

Kwa nini haumo kwenye kampeni? Kwa mtazamo wangu ni ugumu wenyewe wa kirusi. Vipo vya aina saba duniani na kinga ya aina moja haikulindi na nyingine. Hapa kwetu zimekuwa zikionekana nne: O, A, SAT 1 na SAT 2. Chanjo lazima ifanane na kirusi kilichopo, kinga yake ni ya miezi tu, kwa hiyo kuchanja mara moja kwa mwaka hakutoshi, na chupa inatakiwa ikae kwenye ubaridi njia nzima mpaka porini. Homa ya mapafu ni rahisi kuliko hapo. Kwa hiyo sisemi wizara ililala. Nasema kijana anayeingia kwenye biashara akidhani "ng'ombe wangu wamechanjwa na serikali" ajue wamechanjwa nini.

Wenzetu Kenya walijaribu upande huo mwingine. Mwishoni mwa 2024 serikali yao ilitangaza kuchanja ng'ombe milioni 22 dhidi ya miguu na midomo, na mbuzi na kondoo milioni 50 dhidi ya sotoka. Mnakumbuka kilichotokea? Mitandao ililipuka, eti chanjo ni ya kuwazuia ng'ombe kujamba, ati ni mradi wa tajiri wa Marekani. Mjadala ukawa wa gesi badala ya kwato. Serikali nayo ilichangia, ukitangaza jambo kubwa namna hiyo kwa hotuba za majukwaani kabla ya kukaa na wafugaji, unategemea nini? Ila ukweli unabaki kwamba ugonjwa waliolenga ndio unaomfungia mfugaji wa Afrika Mashariki milango ya masoko yenye bei.

Na msidhani ni ugonjwa wa maskini. Uingereza mwaka 2001 uliwalazimisha kuua wanyama zaidi ya milioni 6. Ujerumani, ambayo haikuwa imeuona tangu 1988, ilikutwa nao Januari 2025 kwenye nyati maji karibu na Berlin, na Machi ukaonekana Hungary na Slovakia. Juni 2025 uliingia kwenye zizi kubwa mno la kunenepesha ng'ombe huko Gauteng, Afrika Kusini, watu wenye madaktari wao wenyewe wa mifugo. Botswana na Namibia wanauza nyama Ulaya kwa sababu walikubali gharama ya kugawa nchi kwa uzio na kanda, ng'ombe wa upande huu havuki upande ule. Sisi ng'ombe anatoka Simiyu leo, keshokutwa yuko Dar, na njiani amekula majani ya mikoa minne.

Hapo ndipo naona hereni zina maana kuliko chanjo yenyewe. Sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo tunayo tangu 2010. Ng'ombe mwenye namba yake anaweza kufuatiliwa: katoka wapi, kapita mnada gani, na (hili ndilo langu) kachomwa nini na lini.

Turudi kwa dume jekundu.

Siku ya sita baada ya sindano lilikuwa limeanza kukanyaga. Bado limepungua, lakini linakanyaga. Wale wanne wa molasi walikuwa wamelala. Hela ya mashudu imeisha, mwenzetu mmoja alikuwa amekopa kwa mtu ambaye hasubiri. Tukakaa usiku tukaamua kuliuza. Nilisema zile siku 28 zimeandikwa kwenye chupa, mshikaji akaniuliza, "Nani atauliza?" Asubuhi tukalipakia. Kwenye kibali chetu cha kusafirisha kulikuwa na idadi, kijiji na unakokwenda. Hakuna mstari uliouliza sindano. Mnadani mnunuzi aliangalia nundu, akaangalia meno, akashika mbavu.

Tuliliuza likiwa limesimama kwenye nyasi.

Sijui nani alikula nyama ile. Mabaki ya dawa kwenye nyama hayakuui hapo mezani, lakini yanaweza kumletea shida mwenye mzio, na ukila kidogo kidogo kila siku unawafundisha bakteria kuizoea dawa, siku mwanao anaugua anapewa dawa haifanyi kazi. Mzee hakutusema. Alituuliza tu kama tuliona gari limeelekea wapi.

Nimesimulia hilo siyo kwa kutaka huruma. Nataka mwone kwamba mguu mmoja wa ng'ombe ukioza, mwisho wake unaweza kuwa sahani ya mtu Vingunguti. Namba ya hereni ikisomwa kwa simu na ikaonyesha "amechomwa OTC tarehe fulani, asichinjwe kabla ya tarehe fulani", mimi na washikaji zangu tusingepita. Teknolojia hiyo siyo ya kwenda mwezini. Shida ni nani ataandika, maana maafisa mifugo wa kata ni wachache na wengi wetu tunachoma wenyewe gizani. Ndiyo mjadala ninaoutaka, siyo wa hereni zinapendeza au hazipendezi.

Kabla sijasahau, yapo mengine ya miguu ambayo usiyachanganye na haya. Dume changa lililonona, umri kati ya miezi sita na miaka miwili, asubuhi linachechemea na paja limevimba, ukibonyeza unasikia kama karatasi inakunjwa ndani ya ngozi: hiyo ni chambavu. Mara nyingi jioni au kesho yake limekufa. Usipasue, usile, usigawie majirani, chimba shimo refu. Vijidudu vyake vinakaa udongoni miaka na miaka. Chanjo ipo, ile ya pamoja na kimeta inatengenezwa hapa hapa Kibaha, na kwa mtu wa kunenepesha naona hiyo ndiyo hela ya kwanza kutoa. Uvimbe laini mkubwa kwenye goti la mbele ambao haumuumi sana, hasa kwa jike, mwache alipo, huenda ni ugonjwa wa kutupa mimba na huo unaambukiza watu. Wakati wa mvua ukiona ng'ombe kachechemea mguu huu leo, kesho mwingine, ana homa, halafu siku ya tatu kasimama anakula, usimmalizie chupa za dawa, homa ya siku tatu ina jina lake kwa sababu hiyo. Na chungulia kupe katikati ya kwato, wale wakubwa wenye madoa, wakichomoka wanaacha jipu. Kuogesha mgongo tu hakutoshi.

Magari nayo ni habari ya siku nyingine. Ng'ombe kutoka Shinyanga mpaka Dar kwenye fuso, amebanwa na pembe za wenzake, akianguka anakanyagwa na anayekuja kumwinua anatumia mkia na fimbo. Sheria ya ustawi wa wanyama ya 2008 ipo. Nendeni Pugu asubuhi mapema muone wanaoshuka.

Kwa wale watano mlioniuliza: kati ya madume 11 tuliuza tisa, mmoja alikufa, mmoja tukachinja wenyewe. Hela ya mtaji ilirudi kama theluthi mbili. Mwaka uliofuata tulirudi na madume sita tu, tukayatembeza yote kwenye barabara ya vumbi kabla ya kulipa, mzee akiwa amekaa kwenye baiskeli anatazama. Manne akayakataa. Mawili tukanunua.

Mwenye bei ya mashudu ya wiki hii Shinyanga na Mwanza aiweke hapo chini. Na kama kuna mdau aliyevishiwa ng'ombe wake hereni, atuambie ile namba ukiisoma inakuonyesha nini.